Goti linalopima mwendo wake: uchambuzi wa kisa cha Persona IQ

Agosti 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu kifaa ambacho hakikuwa na mtangulizi: goti bandia lenye vihisi, betri na redio ndani yake, linalobaki mwilini na kutuma taarifa za mwendo wa mgonjwa kwa miaka. Jina lake la kibiashara ni Persona IQ. Goti lenyewe ni la Zimmer Biomet, na sehemu yenye umeme ni ya Canary Medical. Kwa kuwa hapakuwa na kifaa cha aina hiyo sokoni ambacho kingelinganishwa nacho, FDA ilikipitisha kwa njia inayoitwa De Novo na kukifungulia kundi lake jipya la vifaa. Oktoba mwaka huohuo kiliwekwa kwa mgonjwa wa kwanza, katika Hospital for Special Surgery, New York.

Ukiisoma idhini ile hadi mwisho utakuta maneno mazito. Takwimu za mwendo zinazotolewa na kifaa hazikusudiwi kutumika kuamua tiba, wala hazijaonyeshwa kumletea mgonjwa faida yoyote ya kitabibu. Yaani kifaa kiliruhusiwa kupima, na suala la kutibu kwa vipimo hivyo likaachwa wazi. Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki, na ndipo utakapoamuliwa mustakabali wa vipandikizi erevu vyote vinavyofuata. Kila namba inayotoka mwilini inapaswa kuulizwa: ikipanda au ikishuka, nani atafanya jambo ambalo asingelifanya?

Kilichomo ndani

Goti bandia la kawaida lina sehemu tatu kubwa. Mwisho wa mfupa wa paja hufunikwa kwa kofia ya metali, mara nyingi aloi ya kobalti na kromu. Kichwa cha mfupa wa muundi hukatwa tambarare na kuwekewa sahani ya metali, mara nyingi ya titani. Katikati hukaa kipande cha polithilini, plastiki ngumu inayoshika nafasi ya gegedu lililolika. Sahani ya chini ina kikia kifupi kinachozama ndani ya mfupa. Mfupa ukiwa dhaifu, mgonjwa akiwa mzito sana, au ukiwa ni upasuaji wa marudio, daktari huunganisha nyongeza ya kikia ili mzigo usambae chini zaidi.

Wabunifu waliweka umeme wao ndani ya nyongeza hiyo. Kwa upande wa usalama ni uamuzi wa busara: sehemu zinazosuguana hazikuguswa, sahani na kofia ni zilezile ambazo madaktari wanazifahamu, na saketi imefungiwa mahali ambapo chembe za plastiki haziifikii. Lakini una gharama yake, na inafaa mgonjwa aijue kabla ya kusaini. Mtu ambaye kwa kawaida asingehitaji nyongeza ya kikia sasa anachimbwa mfupa zaidi kwa ajili ya kipimo. Siku goti likilazimika kutolewa kwa sababu ya maambukizi au kulegea, kikia kirefu hutoka kwa shida kuliko kifupi, hasa kikiwa kimeshikwa na saruji ya mfupa, na kinaweza kuondoka na mfupa ambao daktari alikuwa akiuhitaji kusimamisha goti la pili.

Ndani mna betri ya lithiamu isiyochajiwa, saketi, vihisi vya mchapuko (vinavyopima jinsi kasi inavyobadilika) katika mielekeo mitatu, jairoskopu (inayopima mzunguko) katika mielekeo mitatu, na antena. Antena haiwezi kufungiwa ndani ya titani kwa sababu metali huzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo katika vipandikizi vya aina hii hukaa chini ya kifuniko cha plastiki ngumu, kwa kawaida PEEK. Mahali metali inapokutana na plastiki ndipo pa kuangaliwa zaidi wakati wa kutengeneza. Majimaji ya mwili yakipenya hapo, hata kwa kiasi kidogo mno, saketi hufa muda mrefu kabla ya betri kuisha.

Kinachotoka ni idadi ya hatua, umbali, kasi ya kutembea, urefu wa hatua, idadi ya hatua kwa dakika, kiwango cha muundi kuyumba mbele na nyuma, na makadirio ya kiasi goti linavyokunja mgonjwa anapotembea. Kifaa hakipimi mzigo unaopita gotini. Hakipimi joto. Hakitambui bakteria, wala hakisemi kama sahani imeanza kulegea. Habari nyingi zilizosambaa baada ya idhini ziliwafanya watu waamini kwamba goti hili "linajua" kila linalotokea ndani yake. Linajua namna muundi unavyotembea, basi.

Kwa nini mwendo, na si mzigo

Kupima mzigo ndani ya kiungo kulianza zamani. Nils Rydell wa Sweden alichapisha mwaka 1966 vipimo vya nyonga bandia zenye geji, yaani vihisi vidogo vinavyopima jinsi metali inavyonyumbuka kwa mzigo, ambazo nyaya zake zilitolewa nje kupitia ngozi ili zisomwe. Berlin, kundi la Georg Bergmann lilifika mbali zaidi kwa vipandikizi vinavyotuma vipimo kwa redio bila waya wowote kupita kwenye ngozi. Ripoti yao ya 1993 ilihusu wagonjwa wawili tu, lakini ilibadilisha namna nyonga bandia zinavyojaribiwa. Kwa mgonjwa wa kwanza, mzigo wa kilele kwenye nyonga ulipanda kutoka takriban asilimia 280 ya uzito wa mwili akitembea kilomita 1 kwa saa hadi karibu asilimia 480 kwa kilomita 5 kwa saa. Alipojikwaa mara moja, mzigo ulifika asilimia 720. Mgonjwa wa pili alipojikwaa, asilimia 870.

Kwa goti, kundi hilohilo la Berlin lilichapisha mwaka 2010 vipimo vya watu watano: kutembea kwenye tambarare wastani wa asilimia 261 ya uzito wa mwili, kupanda ngazi 316, kushuka ngazi 346. Kwa mtu wa kilo 70, kila hatua kwenye tambarare inalibebesha goti mzigo wa kama kilo 183, na kila ngazi anayoshuka kama kilo 242. Ndiyo maana mtu mwenye goti baya hulalamikia kushuka kabla ya kupanda, na ndiyo maana mafunzo ya ngazi baada ya upasuaji hayaharakishwi.

Vifaa vya Berlin vina geji ndani ya metali na havina betri. Koili huvalishwa mguuni kutoka nje, sumaku yake inayobadilikabadilika inaamsha saketi iliyo ndani, na vipimo vinatoka. Faida yake ni kwamba hakuna kinachoisha. Upungufu wake ni kwamba kipimo hupatikana maabara tu, koili ikiwa imevaliwa. Isitoshe, kila kipandikizi cha geji kinapaswa kupimwa kimojakimoja kabla ya kuwekwa: kinabanwa kwa mizigo inayojulikana katika mielekeo sita, kisha hesabu yake inaandikwa. Kazi hiyo inawezekana kwa wagonjwa wachache wa utafiti. Kwa bidhaa ya kuuzwa kwa maelfu, kihisi cha mwendo ni rahisi zaidi, kwa sababu ni kipande kilekile kinachotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya simu na magari. Persona IQ ilichagua kipimo chepesi kinachopatikana kila siku, ikaacha kile kizito kinachopatikana maabara. Uchaguzi huo unaeleweka, lakini matokeo yake yanajitokeza pale daktari anapotaka kutumia namba.

Hesabu ya betri

Chukua betri ndogo ya milliampea-saa 200 kama mfano, idumu miaka 10. Miaka 10 ni saa 87,600. Gawanya: mkondo wa wastani unaoruhusiwa ni takriban mikroampea 2.3. Jairoskopu ya kawaida ikiwaka hula mamia ya mikroampea, na redio ikituma hula zaidi. Kwa hiyo kifaa lazima kilale karibu muda wote. Kihisi cha mchapuko kinachokula kidogo hukesha. Kikihisi mtikisiko unaofanana na hatua, huamsha vingine kwa sekunde chache, saketi inahesabu, inaweka matokeo kwenye kumbukumbu, kisha kila kitu kinazimwa. Takwimu hutumwa usiku, mgonjwa akiwa kitandani karibu na kituo kidogo kilichochomekwa ukutani, nacho huzipeleka kwenye seva kupitia intaneti ya nyumbani.

Mpango huu ndio chanzo cha mapengo mengi katika takwimu. Kituo kinachomolewa ili simu ichajiwe. Mgonjwa analala wiki mbili kwa binti yake. Neno la siri la intaneti linabadilishwa na hakuna anayekumbuka kukiingizia kituo neno jipya. Mstari unashuka hadi sifuri, na anayeusoma akiwa mbali hawezi kujua kama mgonjwa ameacha kutembea au ameacha kulala nyumbani. Mfumo wowote wa aina hii unapaswa kutenganisha waziwazi "hakutembea" na "hakuna taarifa". Kliniki inayoupokea nayo iwe na mtu aliyepewa kazi ya kufuatilia pengo la usiku wa tatu mfululizo. Bila jina la mtu kwenye zamu, hakuna atakayepiga simu.

Jambo jingine ni umri. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba takriban asilimia 82 ya magoti bandia yanayochukua nafasi ya goti zima hudumu miaka 25. Betri imeahidiwa zaidi ya miaka 10. Basi kwa wagonjwa wengi goti litaishi kuliko umeme wake, na miaka ya mwisho, ambayo ndiyo kulegea na kulika kwa plastiki huongezeka, itapita kimya. Hakuna daktari atakayefungua goti zima ili kubadilisha betri.

Digrii 60

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa zaidi, nao hauhusiani na umeme.

Kihisi kiko kwenye muundi. Hakioni mfupa wa paja. Pembe ya goti ni uhusiano wa mifupa miwili, kwa hiyo kifaa hukadiria kukunja kwa goti kutokana na mwenendo wa muundi wakati wa kutembea. Na kutembea kwa kawaida kunahitaji goti likunjike digrii 60 hivi tu, pale mguu unapopita hewani. Kuinuka kwenye kiti kunahitaji karibu 90. Kuchuchumaa, kusujudu na kutumia choo cha shimo vinahitaji zaidi ya hapo, na magoti bandia mengi hayafiki.

Sasa tazama hali tatu za wiki ya sita hadi ya tisa. Namba ni za mfano, lakini kila mwenye kliniki ya magoti ataitambua kila moja.

Ya kwanza: mgonjwa anatembea hatua 1,200 kwa siku na haziongezeki kwa wiki mbili. Sababu inaweza kuwa maumivu, hofu ya kuanguka, nyonga ya upande wa pili, mgongo, msimu wa mvua, au kwamba anamuuguza mume wake na hatoki nyumbani. Namba haitofautishi. Inachostahili ni simu moja na, ikibidi, kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Hapa kifaa kimesaidia kiasi: kimemtaja mtu wa kupigiwa kwanza kati ya mia.

Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inaonekana nzuri. Hatua zinapanda kila wiki, kasi iko sawa, kukunja wakati wa kutembea kunasomeka digrii 58. Lakini mgonjwa akilala kitandani na goti likakunjwa kwa mkono, linagoma kwenye digrii 75. Goti limekakamaa. Mtu huyu anatembea vizuri na hawezi kuinuka kwenye kochi la chini. Madaktari wengi, goti lisipofika digrii 90 kati ya wiki ya 6 na ya 12, hufikiria kulinyoosha na kulikunja mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Muda huo ukipita, kovu hukomaa na kazi hiyo inazidi kuwa ngumu na ya hatari. Kliniki iliyofuta miadi ya wiki ya sita kwa sababu "takwimu ni nzuri" itampoteza mgonjwa huyu. Kipimo kinachohitajika hapa ni goniomita, rula ya plastiki yenye mikono miwili, na dakika mbili za mtu anayejua kuitumia. Kwa maoni yetu hakuna kipandikizi chochote cha mwendo kinachoruhusu kufuta miadi hiyo.

Ya tatu ndiyo inayohalalisha kifaa, kama kuna kinachokihalalisha. Mgonjwa alikuwa akipanda vizuri, kisha wiki ya tisa hatua zinashuka nusu ndani ya siku nne. Mshuko wa ghafla wa mtu kulinganishwa na yeye mwenyewe una maana kubwa kuliko namba yoyote ya wastani wa watu. Apigiwe siku hiyohiyo na aulizwe mambo manne: maumivu akiwa amepumzika au usiku, kuvimba kwa shavu la mguu, majimaji kutoka kwenye kidonda, kuanguka. Jibu la ndiyo kwa lolote ni kuja hospitali. Ikipimwa CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini, kumbuka kwamba hupanda baada ya upasuaji wowote wa goti kisha hushuka. Ikiwa juu wiki ya tisa inahitaji maelezo, na hatua inayofuata ni kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano katika hali safi na kuyapeleka maabara kabla ya antibayotiki kuanza. Kuanza dawa kwanza huharibu kipimo. Joto la ngozi pekee lisimwogopeshe mtu, maana goti lililobadilishwa hubaki na joto kwa miezi bila maambukizi yoyote.

Lipo pengo jingine linalosahaulika: kipandikizi huanza kupima baada ya upasuaji. Hakijui mgonjwa alitembeaje kabla. Saa ya mkononi inajua, na Zimmer Biomet tangu 2018 ilikuwa imeshirikiana na Apple kwenye programu ya kufuatilia wagonjwa kwa saa na simu. Anayetaka kuamua kama kipandikizi kinastahili anapaswa kukilinganisha na saa hiyo. Kipandikizi kinashinda kwa kuwa hakisahauliki mezani na kimekaa kwenye mguu uleule uliopasuliwa, hivyo kuchechemea kunaonekana. Saa inashinda kwa kuwa ina historia ya kabla, hubadilishwa ikipitwa na wakati, na kuivua hakuhitaji kisu.

Mambo madogo yanayogeuka makubwa

Kila mgonjwa mwenye kipandikizi chenye umeme abebe kadi inayotaja jina na namba ya kifaa. Bila kadi, kipimo cha MRI kitaahirishwa au, vibaya zaidi, kitafanywa bila masharti yake kuangaliwa. Kipandikizi chenye betri ya lithiamu kitolewe kabla ya mwili kuchomwa, kwa sababu betri hulipuka kwenye tanuri. Watu wa vifaa vya moyo wanalijua hili siku nyingi, lakini wafanyakazi wa tanuri hawategemei kulikuta kwenye goti. Familia za Kihindu za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam zinapaswa kuelezwa wakati wa kusaini idhini.

Kuhusu taarifa zenyewe, hatua za mtu ni ratiba ya maisha yake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hospitali itakayonunua vifaa vya aina hii iulize seva iko nchi gani, nani ana haki ya kuuza au kutumia takwimu kwa utafiti, na mgonjwa akitaka kuzima utumaji anazimaje. Jibu la swali la mwisho liwe kwenye karatasi ya idhini.

Mahali ambapo namba inabadilisha uamuzi

Ukiuchukua mtihani wa "nani atafanya nini tofauti" ukaupeleka kwenye mifupa iliyovunjika, majibu yanakuwa ya wazi zaidi. Paja au muundi ukivunjika na kuwekewa bamba la metali linaloshikwa kwa skrubu, mwanzoni bamba ndilo linalobeba mzigo kwa sababu mfupa umekatika. Mfupa mchanga ukijengeka, unakuwa mgumu wiki baada ya wiki na kulipunguzia bamba kazi. Kwa hiyo geji iliyobandikwa kwenye bamba inasoma kitu chenye maana ya moja kwa moja: mnyumbuko wa bamba kwa kila hatua ukishuka, mfupa unaunga; ukibaki palepale, hauungi. Hamburg, kundi la Klaus Seide limewahi kuwawekea wagonjwa bamba za namna hiyo zinazosomwa kwa redio. Davos, taasisi ya utafiti ya AO, shirika la wapasuaji wa mifupa, imetengeneza kifaa kidogo kinachofungwa juu ya bamba la kawaida na kimejaribiwa kwa kondoo.

Faida yake ni wakati. Mfupa kutounga kwa kawaida hutangazwa baada ya miezi tisa, pasipo maendeleo yoyote kwa miezi mitatu ya mwisho. Eksirei huchelewa kuonyesha, na madaktari wawili wakitazama picha moja mara nyingi hutofautiana. Mstari wa mzigo usioshuka unaweza kumfanya daktari asisubiri miezi tisa kabla ya kuamua kuongeza mfupa, kubadilisha bamba au kutafuta maambukizi. Hapo namba inafanya kazi.

Lakini nayo ina njia mbili za kudanganya, na zote zinaonekana kama kupona. Mzigo wa bamba hushuka pia mgonjwa asipokanyaga mguu. Kwa hiyo kinachosomwa ni mnyumbuko kwa uzito uleule: mgonjwa asimame kwenye mizani ya bafuni, akanyagie kilo 20 kwa mguu mbovu, kipimo kichukuliwe, na zoezi lirudiwe vivyo hivyo kila wiki. Njia ya pili ni skrubu kulegea. Bamba lisiloshikwa vizuri na mfupa halinyumbuki, na geji inatulia. Kushuka kunakofuata mfupa ni kwa polepole, kwa wiki kadhaa; kushuka kwa ghafla kati ya Jumatatu na Alhamisi ni skrubu hadi eksirei ikatae.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi, kipandikizi kisipime tu bali kitende. Huko Saarland, Ujerumani, watafiti wanafanyia kazi bamba lenye nyaya za aloi ya nikeli na titani zinazojikunja zikipashwa umeme, ili kusisimua mahali pa mvunjiko. Misumari ya kurefusha mifupa kwa sumaku, yaani fimbo za metali zinazokaa katikati ya mfupa, inatumika tayari: sumaku ndani ya msumari huzungushwa na kifaa cha nje, giya zinasukuma skrubu, na mfupa unarefushwa karibu milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara tatu au nne. Katika familia hiyo mna onyo. Msumari wa STRYDE, wa chuma cha pua, ulibuniwa ili mgonjwa aweze kukanyaga mapema, na mwanzoni mwa 2021 uliondolewa sokoni baada ya madaktari kukuta maumivu, mfupa kulika, pamoja na kutu kwenye kiungio ambapo sehemu moja ya msumari huteleza ndani ya nyingine. Kila kiungio kinachoongezwa ndani ya mwili ni mlango wa majimaji.

Afrika Mashariki ina rekodi yake katika kupima mfupa unaounga, na inafaa itangulie kutajwa kabla ya vihisi. Msumari wa SIGN, uliobuniwa na shirika la Lewis Zirkle la Richland, jimbo la Washington, ni wa chuma kigumu na skrubu zake za chini hupatikana kwa mkono wa kulengea na kifaa cha kutafutia tundu, bila mashine ya eksirei chumba cha upasuaji. Madaktari wanaoutumia hupandisha picha za kila mgonjwa kwenye hifadhidata moja ya mtandaoni. Wagonjwa wengi hawarudi kupiga eksirei, hivyo huombwa wachuchumae wapigwe picha. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa 2019, ukiwashirikisha madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, uligeuza zoezi hilo kuwa kipimo: mgonjwa amechuchumaa kwa kina gani, ameshika kitu, na uso wake unaonyesha maumivu au la. Kipimo hiki kinajibu lile ambalo goti la Persona IQ haliwezi kujibu, yaani mguu unakunjika kiasi gani ukitakiwa kufanya kazi kamili.

Kwa dereva wa bodaboda aliyevunjika paja na anayeishi mbali na hospitali ya rufaa, kituo cha kuchomeka ukutani si msaada. Kinachoweza kumfaa ni geji isiyo na betri inayoamshwa na simu ya mhudumu wa zahanati kwa NFC, mawasiliano ya simu ya umbali mfupi sana. Fizikia yake inaweka mpaka ulio wazi: NFC ya simu hufika sentimita 4 hivi. Bamba la muundi liko chini tu ya ngozi upande wa ndani wa mguu, kwa hiyo linasomeka. Paja lina misuli minene, na msumari umezama katikati ya mfupa, simu haitaufikia. Wanaotaka kujaribu vipandikizi erevu Muhimbili, Bugando au Kenyatta waanze na muundi, mizani ya bafuni na simu moja ya zahanati, na picha ya kuchuchumaa iendelee kupigwa pembeni ili vipimo viwili vilinganishwe.